Daftari la wadhalilishaji: namna ya kuandaa maoni ya shehia na kuyafikisha Baraza la Wawakilishi

Kila kesi ya mtoto kudhalilishwa kingono inapotikisa mtaa, Unguja au Pemba, husikika kauli ile ile: wawekwe hadharani wote, majina na picha, kila mtu awajue. Kauli hiyo inastahili kusikilizwa. Mama aliyekaa kwenye benchi la kituo cha Mkono kwa Mkono, panapohudumiwa waliodhalilishwa, mwanawe kamlalia mapajani na kanga bado ina vumbi la njiani, hana haja ya mtu kumweleza ubaya wa kosa hili. Anataka lisimfike mtoto mwengine.

Lakini daftari la wahalifu, yaani orodha rasmi ya waliotiwa hatiani, ni sheria, na sheria ikishapita na kasoro zake huchukua miaka kuitengeneza. Nchi zilizotutangulia zimelipia kasoro hizo, na nyengine bado ziko mahakamani mpaka leo. Mwongozo huu nimewaandikia kamati za shehia, wasaidizi wa sheria, walimu wa skuli na madrasa, na jumuiya za wanawake na vijana wanaotaka kutoa maoni yenye uzito badala ya kupiga kelele kwa siku tatu kisha kunyamaza.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asiutafute. Nataka daftari la ndani, linalomzuia aliyetiwa hatiani asipate kazi ya kukaa na watoto, lenye muda maalumu na njia ya kuomba kuondolewa. Sitaki orodha ya kubandikwa ukutani. Na hata hilo la ndani halitamlinda mtoto yeyote ikiwa kesi zetu zitaendelea kufia njiani kwa sababu ya muhali, ile haya ya kumshitaki jamaa au jirani.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnazungumzia daftari gani

Kikao cha kwanza huharibika kwa sababu kila mjumbe ana daftari lake kichwani. Tengeni aina tatu kabla hamjaanza kubishana.

Aina ya kwanza ni daftari la ndani. Uingereza walianza nalo kwa sheria ya 1997: mtu akitiwa hatiani hujiandikisha polisi, huripoti akihama nyumba, na raia wa kawaida hawezi kulifungua. India walianzisha la kwao 2018 na wanaoliona ni vyombo vya dola. Afrika Kusini lao limeanza kazi 2009. Halisomwi na umma, lakini mwajiri wa watu wanaofanya kazi na watoto anatakiwa kuuliza kama jina la anayemwajiri limo. Hapo jirani Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilimpa Msajili wa Mahakama Kuu jukumu la kutunza daftari la waliotiwa hatiani.

Aina ya pili ni ya kuuliza. Baada ya mtoto Sarah Payne kuuawa Uingereza mwaka 2000, mama yake alipigania haki ya mzazi kujua. Utaratibu uliopatikana, na kuenea England na Wales kufikia 2011, unamruhusu mzazi kwenda polisi kuuliza kuhusu mtu fulani anayekaribiana na mtoto wake. Polisi wakiona pana hatari wanamwambia yeye, na anatakiwa aitunze siri hiyo.

Aina ya tatu ni ya hadharani, na hii ndiyo watu wengi wanaiona kwenye simu na filamu. California ilianza kuandikisha wahalifu hawa 1947, wakati huo kwa matumizi ya polisi. Mwaka 1994 sheria ya taifa la Marekani iliyopewa jina la mtoto Jacob Wetterling, aliyetekwa Minnesota 1989, iliyataka majimbo yote yawe na daftari. Mwaka 1996 ikaja Sheria ya Megan, iliyoyataka yaujulishe umma. Mwaka 2006 ikaja nyengine iliyowagawa wahalifu madaraja matatu: miaka 15, miaka 25 na maisha. Nigeria nayo ilizindua daftari lake 2019.

Kisha andikeni pembeni, kwa kalamu ya rangi nyengine, kwamba daftari ni jambo moja na vizuizi ni jambo jengine. Kizuizi ni amri ya mahali pa kukaa, kazi ya kufanya, safari, matumizi ya mitandao. Kwa sheria ya 2016, kwa mfano, Marekani huweka alama kwenye pasipoti za waliotiwa hatiani kwa makosa dhidi ya watoto. Mtu anaweza kuunga mkono daftari na akapinga kizuizi fulani, na hoja ikichanganywa hivi vitu viwili hushindwa vyote.

Hatua ya pili: nendeni mkaulize kilichopo

Msiandike "hakuna sheria" wala "sheria ipo" kwa kusikia maskani. Chukueni barua ya sheha, mwende mkaulize. Masuali ni matano: kumbukumbu gani za waliotiwa hatiani kwa udhalilishaji zinatunzwa, nani anazitunza, nani anaruhusiwa kuziona, zinakaa muda gani, na mtu aliyeingizwa kimakosa anakwenda kwa nani. Waulizeni Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, Mahakama, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Andikeni jibu, tarehe na cheo cha aliyejibu.

Sheria za kusoma kabla ya kwenda ni chache na mnaweza kuzisoma kwa wiki moja: Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Namba 7 ya 2018, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambayo mtoto kwake ni kila aliye chini ya miaka 18 na maslahi bora ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Someni pia namna mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji, zilizoanzishwa 2021, zinavyofanya kazi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, wana watu wa kuwaelekeza pale lugha ya sheria inapokuwa nzito.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Sheria ya jinai ya Zanzibar hutungwa na Baraza la Wawakilishi, haitungwi Dodoma. Mahakama Kuu ya Zanzibar, Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza yetu, ni taasisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Polisi ni jambo la Muungano. Kwa hiyo mkipendekeza daftari litunzwe na polisi mnaomba kitu tofauti na mkipendekeza litunzwe na Mahakama, na njia ya kulipata ni nyengine kabisa. Zaidi ya hapo, mtu aliyehukumiwa Wete akimaliza kifungo anaweza kupanda boti kwenda Tanga akaanza kusomesha watoto huko, na daftari letu halitamfuata. Anayefukuzwa Tanga naye anaweza kuja kwetu. Andikeni kabisa kwenye maoni yenu kwamba mnataka makubaliano ya kupeana taarifa na Tanzania Bara. Bila hilo, daftari la visiwani lina mlango wazi bandarini.

Hatua ya tatu: kusanyeni takwimu zenu bila kumtaja mtoto

Hii ndiyo kazi kubwa, na hapa ndipo maoni ya shehia yanapoweza kuyashinda maoni ya mabingwa, kwa sababu nyinyi mnajua kilichotokea baada ya kesi kuondoka kwenye habari.

Anzeni na za serikali. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa taarifa za matukio ya udhalilishaji yaliyoripotiwa, kwa wilaya. Chukueni za wilaya yenu za mwaka mzima. Kisha tengenezeni daftari lenu la mazoezi, lile la kawaida la skuli, lenye safu hizi: namba mliyoipa wenyewe (isiwe ya polisi), mwaka, umri wa mtoto kwa makundi, mwanamke au mwanamme, uhusiano wa mtuhumiwa na mtoto, kesi ilifika wapi, na ilikwama kwa sababu gani. Hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna jina la skuli. Shehia ikiwa ndogo, msiandike hata mwezi. Daftari hilo litunzwe na mtu mmoja, likiwezekana mratibu wa wanawake na watoto wa shehia, na lisipigwe picha kwa simu.

Safu mbili ndizo zenye kubeba hoja yote. Ya kwanza ni uhusiano. Utafiti wa taifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanywa na UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uligundua kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Tazameni na wavulana hao, maana kwetu huzungumzwa kana kwamba hawapo. Safu yenu ikijaa maneno kama mjomba, baba wa kambo, jirani, ustadhi, mwenye duka, basi mnajua tayari kwamba orodha ya wageni wa hatari haitamgusa mtu ambaye mtoto anampa shikamoo kila asubuhi.

Safu ya pili ni sababu ya kukwama. Hapa jiandaeni kuandika jambo moja mara nyingi: familia zimekaa, wazee wameitwa, pamesemwa kwamba huyu ni damu yetu na yule ni damu yetu, na mtoto atakosa mume akitajwa mahakamani. Shahidi anaacha kwenda. Mwengine alitaka kwenda lakini anatoka Makangale, kesi inasikilizwa Wete, imeahirishwa mara kwa mara na nauli imemwishia. Kesi inafutwa kwa kukosa ushahidi. Huyo mtuhumiwa, kwa macho ya sheria, ni mtu safi. Hakuna daftari lolote duniani litakaloandika jina lake.

Nawaomba mliweke hilo mbele ya kila kitu. Daftari linaanzia kwenye hukumu. Shehia yenye kesi nyingi na hukumu chache, hata ikipewa daftari zuri kuliko la Uingereza, itakuwa na kurasa tupu.

Mkishamaliza, jihadharini na takwimu za kuokota. Marekani inatoa funzo kubwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliandika kwamba wahalifu wa aina hii wasiotibiwa hurudia kosa kwa kiwango kinachofika asilimia 80. Watafiti walipofuata chanzo chake waliishia kwenye makala ya jarida la 1986 iliyoandikwa na watu waliokuwa wakiendesha mpango wa kuwatibu, bila utafiti wowote nyuma yake. Utafiti wa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo hiyo uliofuatilia wanaume 9,691 walioachiliwa 1994 ulikuta asilimia 5.3 walikamatwa tena kwa kosa la ngono ndani ya miaka mitatu. Nayo namba hii isibebwe bila akili: inahesabu waliokamatwa, na sisi tunaotoka kwenye nchi ya muhali tunajua wangapi hawakamatwi. Lakini namba yenye chanzo na mipaka yake inajulikana ni bora mara mia kuliko ile iliyopita kesi hadi kesi bila mtu kuuliza ilitoka wapi.

Hatua ya nne: kila kizuizi kipimeni juu ya ramani yenu

Chukueni ramani ya shehia, hata ya kuchora kwa mkono. Wekeni nukta kwenye kila skuli, chuo cha Qur-ani, kiwanja cha mpira na dakhalia (bweni la wanafunzi). Halafu chukueni kizuizi kinachopendekezwa na mkichore.

Mfano maarufu ni wa Miami. Mwaka 2005 wilaya hiyo iliweka sheria kwamba baadhi ya waliotiwa hatiani wasikae ndani ya futi 2,500 kutoka skuli, yaani karibu mita 760. Nyumba za kukaa zikakosekana, na watu wakaishia kuishi chini ya daraja la Julia Tuttle mpaka kambi hiyo ilipovunjwa 2010. Sasa ileteni Mji Mkongwe. Duara la mita 760 kuzunguka chuo kimoja lina ukubwa wa hekta 181. Eneo lote la Mji Mkongwe lililomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO ni hekta 96. Chuo kimoja katikati kinatosha kuufunika karibu mji wote na kubaki na ziada baharini. Fanyeni hesabu hiyo hiyo Chake, Wete, au kijiji chochote ambacho chuo hakikosi kila panapo msikiti, muone kama inabaki nyumba hata moja.

Na je, ingesaidia? Minnesota walichunguza wahalifu 224 waliorudi gerezani kwa kosa la ngono kati ya 1990 na 2005, wakatazama kila tukio lilivyotokea. Hawakupata hata moja ambalo sheria ya umbali wa makazi ingelizuia. Mara nyingi mhalifu alimfikia mtoto kupitia mama yake, rafiki au jamaa. Iowa nao walikuwa na sheria ya futi 2,000, na walioipinga kwa sauti walikuwa waendesha mashtaka wa jimbo lenyewe, mwaka 2006, kwa sababu watu walikuwa wakipotea na polisi hawajui tena wako wapi. Mtu aliyepotea ni hatari kuliko mtu anayejulikana anakolala.

Kizuizi cha kazi ni habari nyengine. Kipimeni kwa namna ile ile, mtaona kinakaa vizuri: aliyetiwa hatiani kwa kumdhalilisha mtoto asisomeshe skuli, chuoni, wala tuisheni, asiendeshe gari la wanafunzi, asifundishe timu ya watoto, asilee dakhalia. Hakimfanyi mtu alale chini ya daraja. Kinamwondoa mahali ambapo mzazi amemkabidhi mtoto wake kwa imani.

Ipo pia tafiti ya wachumi Prescott na Rockoff ya 2011, ambayo nashauri muitaje kwa sababu inatenganisha mambo vizuri. Walikuta kwamba polisi wanapojua nani yuko wapi, makosa dhidi ya watu wa karibu na mhalifu hupungua. Lakini majina yanapotangazwa kwa umma, wale walioandikwa huelekea kurudia zaidi, huenda kwa sababu waliokosa kazi, nyumba na jamaa hawana tena cha kupoteza.

Hatua ya tano: pitisheni hoja kwenye Katiba

Fungueni Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kifungu cha 12 kinahusu usawa mbele ya sheria na kinakataza adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwepo kosa lilipotendwa. Cha 15 kinalinda faragha ya mtu na familia yake, cha 16 kinahusu uhuru wa kwenda mtu atakako. Cha 24 kinaruhusu haki hizi ziwekewe mipaka kwa sheria pale inapokuwa lazima. Hivi ndivyo wakili wa upande wa pili atakavyovitumia, hivyo ni afadhali nyinyi mtangulie.

Suali la kwanza ni la kurudi nyuma: je, aliyehukumiwa kabla ya sheria aingizwe? Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuhusu Alaska kwamba kuandikishwa si adhabu, kwa hiyo wa zamani waingizwe. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliyotazama sheria ya Michigan ikaona vizuizi vimeongezwa mpaka vimekuwa adhabu, na kuvirudisha nyuma hakukubaliki. Ukiyaweka maamuzi hayo pamoja unapata kanuni nzuri ya kuandikia sheria: daftari likibaki taarifa ya ndani linaweza kuvumiliwa na mahakama, likijazwa vizuizi linageuka hukumu ya pili.

Suali la pili ni muda. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa mtu kuandikwa maisha bila nafasi ya kupitiwa upya, na sheria ikabadilishwa ili mtu mzima aweze kuomba baada ya miaka 15. California, iliyokuwa ikiandika kila mtu maisha mpaka majina yakapita 100,000, ilipitisha sheria 2017 ya kuwagawa kwa miaka 10, miaka 20 na maisha. Polisi wenyewe walichoka na daftari ambalo yule wa hatari amezama ndani ya majina ya watu wasio hatari.

La tatu linaniumiza zaidi: watoto wakosaji. Afrika Kusini kijana aliyekuwa na miaka 14 alipotenda kosa aliingizwa daftarini moja kwa moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haifai mtoto aingizwe bila kusikilizwa. Kwetu hujaa kesi za kijana wa miaka 17 na msichana wa 16 waliopendana, wazazi wakagombana. Kijana huyo ana haja ya kuonywa na kufundishwa. Kumweka safu moja na mtu mzima aliyembaka mtoto wa chekechea ni kumdhulumu yeye, na ni kulidharau kosa la yule mwengine.

Hatua ya sita: andikeni

Kurasa tatu zinatosha. Ya kwanza ni nyinyi ni nani na mmekuta nini kwenye shehia, kwa zile safu mbili. Ya pili ni mapendekezo. Ya tatu ni sababu, pamoja na mifano mliyoichagua. Mapendekezo yawe kwa lugha ya sheria kiasi kwamba mwandishi wa miswada anaweza kuyachukua yalivyo. Huu hapa mfano, muubadilishe mpendavyo:

"Sisi wakaazi wa shehia tuliotia saini hapa chini tunapendekeza daftari la waliotiwa hatiani kwa makosa ya udhalilishaji litunzwe na taasisi moja itakayotajwa na sheria. Aingizwe mtu ambaye rufaa yake imemalizika au muda wa kukata rufaa umepita. Aliyetenda kosa akiwa mtoto asiingizwe ila kwa amri ya mahakama baada ya kusikilizwa. Kila aliyeingizwa apangiwe muda kwa uzito wa kosa na awe na haki ya kuomba mahakama ipitie jina lake. Mwajiri wa mtu atakayefanya kazi na watoto, zikiwemo skuli, madrasa, tuisheni, dakhalia na vilabu vya michezo, alazimike kuuliza kabla ya kuajiri, naye ajibiwe 'anaruhusiwa' au 'haruhusiwi' bila maelezo ya kesi. Atakayevujisha taarifa za daftari awe ametenda kosa. Taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtoto aliyedhalilishwa isiwekwe."

Sentensi ya mwisho msiiache. Fikirieni orodha ya hadharani inayosema fulani, wa kijiji fulani, amefungwa kwa kumdhalilisha mtoto wa familia yake. Kijiji kizima kinajua ana watoto wangapi na yupi ni wa kike. Tumemtangaza mtoto kwa jina bila kulitamka, na mtoto mwengine aliyeko kwenye hali hiyo hiyo amejifunza kwamba akisema, nyumba yao itaandikwa. Atanyamaza.

Ongezeni ukurasa wa nne ikiwa mnaweza, kuhusu mashahidi: nauli, posho ya siku, chumba cha mtoto kutolea ushahidi asionane uso kwa uso na mshitakiwa, na mtu wa ustawi wa jamii wa kufuatana na familia mpaka hukumu. Mimi ningeuweka huu uwe wa kwanza.

Wakati mnasubiri

Msirushe picha za watuhumiwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mtuhumiwa hajahukumiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Zanzibar kama Bara, kwa hiyo taarifa ya uongo inaweza kumtia mashakani aliyeituma. Uingereza mwaka 2000, baada ya gazeti moja kuchapisha majina na picha, watu waliandamana wakachoma magari, na daktari wa watoto huko Wales akaandikwa matusi mlangoni kwa sababu cheo chake kinafanana na neno la kumtukana mdhalilishaji. Hasira ya mtaa haina rufaa.

Yapo ya kufanya leo. Kamati ya skuli au ya madrasa inaweza kumtaka anayeomba kazi alete hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu na barua ya sheha wa alikotoka, kisha ikampigia simu sheha huyo badala ya kuiweka barua kwenye faili. Mwalimu asibaki na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa. Tukio likitokea, mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe. Apelekwe haraka Dawati la Jinsia au kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Mnazi Mmoja au cha Chake Chake, maana dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Simu 116 ni ya watoto na haina malipo.

Na mtu anaporudi kutoka Chuo cha Mafunzo, sheha azungumze naye na familia yake faraghani, pamoja na ofisa ustawi: atalala wapi, atafanya kazi gani, nyumba hiyo ina watoto au haina, nani wa kumwita akiona anateleza. Nyumba ikiwa na mtoto aliyemdhalilisha, atafutiwe pengine pa kukaa kabla hajatoka. Mazungumzo hayo hayahitaji sheria mpya.

Hatua ya saba: yafikisheni, kisha yafuatilieni

Pelekeni nakala kwa Mwakilishi wa jimbo lenu, kwa Tume ya Kurekebisha Sheria Zanzibar, kwa Wizara na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na kila mahali mpigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mwakilishi mwambieni ana kwa ana, jimboni, akiwa hana haraka. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya Baraza, na kamati huita wadau kutoa maoni kabla ya kusomwa mara ya pili. Huo ndio mlango wenu. Waende Chukwani, linapokaa Baraza, watu wawili, mmoja awe mama au mlezi aliyekubali mwenyewe kwenda, asiyehusika na kesi iliyoko mahakamani. Asihadithie ya mtoto. Aeleze safari za mahakamani zilivyokuwa.

Sheria ikipita, kazi ya kuitazama inahamia kwenye kanuni, ambazo hutungwa na waziri na hazipiti kwenye mjadala mrefu. Humo ndimo huandikwa nani hasa anafungua daftari na mwajiri anajibiwa ndani ya siku ngapi. Ombeni kuziona zikiwa rasimu. Na wakati wa Baraza la bajeti, chukueni hotuba za mawaziri wanaohusika, mtafute fungu la nauli za mashahidi. Lisipokuwemo, muulizeni Mwakilishi wenu kwa barua, yenye muhuri wa shehia, na nakala ya zile safu mbili nyuma yake.